Mshenga wa Simu Elfu Sabini

Simu ndiyo inayochagua. Kazi ya fundi wa Wi-Fi ya uwanjani inaanzia hapo, na kwa hilo peke yake anastahili heko. Kwa kanuni za 802.11, ambazo Wi-Fi yote duniani inazifuata, redio iliyofungwa ukutani haina uwezo wa kuibeba simu na kuikabidhi kwa redio nyingine. Simu husikiliza, hupima, hujiunga inapopataka. Na nyingi zikishajiunga huganda kama kupe. Mwenye simu ameshapita getini, amepanda ngazi, amekaa safu ya thelathini, nayo bado imeng'ang'ania redio ya getini ilhali kuna nyingine chini ya kiti chake.

Utasema shauri yake, mtandao utakaokwama ni wake. Sivyo. Vyombo vyote vinavyosikiana kwenye chaneli moja huzungumza kwa zamu: kimoja kikisema, vingine vinanyamaza. Pakiti ya baiti 1,500 ikitumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua milisekunde 12 hewani. Kwa megabiti 100, ni sehemu moja tu ya mia ya muda huo. Simu iliyo mbali na redio yake hupunguza kasi ili isikike. Basi king'ang'anizi mmoja hula zamu za jirani zake wote, na wao hawajui hata nani anawala.

Tazama walivyofanya Levi's Stadium, uwanja wa mpira wa Kimarekani uliofunguliwa Santa Clara, California, mwaka 2014. Majukwaa yake mengi hayana paa la kutundikia kitu. Kati ya redio 1,200 hivi zilizofungwa humo, nyingi ziliwekwa ndani ya visanduku chini ya viti. Ukisikia mara ya kwanza unashangaa: huko chini si zitazibwa na miguu, mapaja na makoti? Ndivyo mafundi walivyotaka. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Redio ikiwa chini ya kiti, sauti yake hufika safu chache kisha inafifia, na chaneli ileile inaweza kutumika tena mbele kidogo bila kugombana na ya kwanza. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu kwenye gigahatsi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa hesabu ya Marekani: 1, 6 na 11. Umati, ambao kila fundi angeuhofia, ukageuzwa kuta. Kila nikilifikiria wazo hili nalipenda upya. Linadai pia ujasiri, maana vipimo vya uwanja mtupu havikuambii kweli. Kuta zenyewe huingia na tiketi mkononi.

Redio zikishapangwa, kinabaki kipaji cha kushawishi. Redio hazisikii simu zao pekee, zinasikia pia za jirani, na kila moja hupeleka habari kwa kidhibiti, mtambo unaoziongoza redio zote: simu hii naisikia kwa nguvu kiasi hiki. Kidhibiti kinaweka daftari la nani anamsikia nani. Kikiona simu inasikika kwa shida kwenye redio yake, na redio nyingine yenye nafasi inaisikia vizuri zaidi kwa desibeli kadhaa, kinaanza ushenga. Kwanza kwa adabu: kanuni ya 802.11v inaruhusu mtandao kuiambia simu, kuna pahali pazuri zaidi, hapa. Simu ina haki ya kukataa. Nyingine, za zamani, hata lugha hiyo haziijui. Kwa hizo hutumika ukimya: zinatolewa kwenye redio zilikojiunga, na zinapoita kutafuta pa kuingia, redio zote hunyamaza kwa muda mfupi isipokuwa ile iliyochaguliwa. Ukimya huohuo huzisogeza simu kwenye gigahatsi 5, kwenye chaneli nyingi zaidi: redio huchelewa kidogo kuitikia kwenye 2.4, simu ikasikia 5 kwanza.

Ustadi wenyewe nauona kwenye kujizuia. Simu inayotolewa mara kwa mara mwishowe huuchukia mtandao na kuhamia kwenye bando la mwenyewe. Ikitolewa katikati ya mazungumzo, sauti inakatika. Kwa hiyo mfumo mzuri husubiri mtu amalize kuongea, huhesabu majaribio, na simu iliyokataa mara kadhaa huiandika kwenye orodha ya zisizoshawishika, kisha huiacha kwa amani hapo ilipo.

Tarehe 7 Februari 2016, uwanja huohuo wa Levi's uliandaa Super Bowl 50, fainali ya mpira wa Kimarekani. Watu walizidi 70,000, na Wi-Fi ikabeba zaidi ya terabaiti 10. Mfikirie mmoja wao wakati wa mapumziko, anainuka kwenda kununua chakula huku akituma picha ya mwanawe. Anapanda ngazi, redio ya kiti inaanza kumsikia kwa mbali, ile ya ukumbini inamsikia kwa karibu, na daftari limeshaliona hilo. Ombi linatumwa, simu inakubali. Picha inamaliza kwenda akiwa bado kwenye foleni.