Nani Kasema?

Ukitaka kujua kama hadithi ya mtandaoni imependwa, usihesabu vidole gumba. Teremka kwenye maoni utafute neno arosto. Neno lenyewe limetoka kwa vijana wa unga, ni yale maumivu ya mwili dozi inapochelewa. Wasomaji wa hadithi za Facebook na Telegram wameliazima, na sidhani kama kuna istilahi ya uhakiki inayosema kweli zaidi. Msomaji anapolalamika kwamba ameachwa na arosto, ujue sehemu ya tisa imekatika pale pale mlango ulipogongwa, na mwandishi kaandika "itaendelea" akaenda zake kulala.

Mbali na arosto, msamiati ni mfupi. Endelea mkuu. Nimekaa mkao wa kula. Unajua sana. Na upande wa pili: umechemka, hii umekopi, kalime. Wote hao hawana majina. Mmoja ana picha ya waridi, mwingine ya mchezaji wa Simba, mwingine kajiita kwa herufi tatu na tarakimu. Mwandishi naye, mara nyingi, jina lake ni la kubuni kama mhusika wake.

Nimekuwa nikizifuata hadithi hizi kwa miaka kadhaa, hasa zile zenye harufu ya kwetu Pemba: msimu wa karafuu, boti ya asubuhi kutoka Mkoani, bibi asiyelala mpaka asikie mjukuu kafunga mlango. Swali linalonisumbua ni hili: yule asiye na jina chini ya hadithi, ni mhakiki au ni kelele tu? Waalimu wetu hujibu haraka kwamba asiyeweka jina hana haki ya kusema. Vijana hujibu haraka vile vile kwamba mtandao ni huru, kila mtu aseme. Mimi naona pande zote mbili zinalitazama jina na kuisahau kazi.

Kuna kitabu ambacho kila kijana wa kisiwani anayeandika angestahili kuwa nacho, na wengi hawajakiona: Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani. Mashairi yake yalikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, yakahaririwa na Abdilatif Abdalla, na Mkuki na Nyota wakayachapisha mwaka 2011. Kamange na Sarahani walikuwa wa kisiwa kimoja na zama moja, karne ya 19 kuingia ya 20, na walijuana. Mmoja akitunga, mwenzake hujibu. Na kujibizana kwa mashairi, kwao kama kwa pwani nzima, kulikuwa na sharti ambalo halikuhitaji kuandikwa: jibu lije katika bahari ile ile, mizani ile ile, na ukiweza vina vile vile. Huwezi kusema shairi la mwenzako limepwaya kwa kutumia shairi linalopwaya. Kabla hujamkosoa, umeshajiweka mizanini.

Sitaki kuwapamba mno. Kitabu ni cha wanaume wawili. Wanawake wamo ndani ya mashairi, wakisifiwa na kulalamikiwa. Kama watunzi na wajibuji, hawamo. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo hasa lakabu inapokuwa si mchezo.

Maana lakabu nayo si jambo geni. Kurasa za mashairi za magazeti ya Bara, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza 1923, zilijaa watu waliojificha nusu. K.H.A. Akilimali alikuwa Snow-White. Amiri Sudi Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza. Lakini mhariri alijua barua imetoka kwa nani, na msomaji mzoefu alimtambua mtunzi kwa mkono wake, kama unavyomtambua mpishi kwa pilau. Na ugomvi ulipokuwa mkubwa kweli, watu walivua vinyago. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na mashairi yake hayana vina wala mizani, waliompinga walimpinga kwa majina yao, wengine kwa ukali wa wembe. Ila walilazimika kueleza shairi ni nini. Ndiyo maana malumbano yao bado yanasomwa vyuoni, na matusi ya mwaka jana chini ya hadithi ya mtu hayasomwi na yeyote.

Na kanga je? Wahenga wa mafumbo ni mama zetu. Maandishi yaliyo juu ya kanga huitwa jina, na ni jina lisilo na mwenyewe: limechapwa kiwandani, linauzwa Darajani na Chake Chake kwa kila anayetaka. Mke akimpitishia jirani yake fumbo la kanga, hakuna wa kumshtaki, kwani maneno si yake. Lakini amelivaa yeye, kapita nalo yeye, mchana kweupe. Mwili wake ndio sahihi. Nikilinganisha na anayeandika "umechemka" akiwa amejilaza gizani, namwona mvaa kanga ni jasiri mara kumi.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Ninamjua mwandishi mmoja. Simtaji, wala lakabu yake, wala kijiji chake. Ni mwanamke, na anaandika kwa jina la kiume. Hadithi yake ilikuwa juu ya msichana aliyeposwa akiwa skuli, ndani ya msimu mmoja wa karafuu. Kama kazi ya sanaa, ilikuwa na kasoro: kila sehemu iliishia kwa mlango kugongwa, mpaka nikaanza kuihurumia milango ya nyumba ile. Lakini mazungumzo yake! Wazee wake walizungumza kama wazee, bila kutoa hotuba. Bibi wa hadithi alikuwa na namna ya kukataa jambo kwa kulikubali nusu, ambayo sijaikuta katika riwaya nyingi zilizochapishwa.

Wasomaji wawili wasio na majina walimjia.

Wa kwanza alifika sehemu ya saba. Alimwuliza mtunzi, kwa adabu, ilikuwaje msichana achume karafuu asubuhi, azichambue makonyo, azianike, na jioni ile ile mjomba awe ameshazipeleka kuuza ZSTC. Zimekaukia wapi? Alikumbusha kwamba karafuu huchumwa zikiwa bado hazijachanua na hukaa juani siku kadhaa juu ya majamvi, na kwamba katika siku hizo ndipo nyumba nzima huwa na hofu ya mvua. Kisha akasema jambo lililonishangaza: kwamba mtunzi ameitupa sehemu nzuri kuliko zote, kwa sababu katika siku za kungoja karafuu zikauke ndipo mambo ya posa yangezungumzwa. Hebu fikiria. Hilo ni somo la msuko, limetolewa bure, na mtu mwenye picha ya embe. Mwandishi alirudi nyuma, akaandika upya sehemu mbili, na hadithi ikapata pumzi.

Wa pili alikuja sehemu ya kumi na saba, na maneno yake hayakufika kumi. Alisema huyu si mwanamme, akataja kijiji.

Alijuaje? Kwa lugha. Pemba ni kisiwa kidogo, lakini hakina usemi mmoja. W. H. Whiteley, aliyechapisha uchunguzi wake wa lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, alikuta maneno yanabadilika kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine, na sisi wenyewe hatuhitaji kuambiwa: mtu akifungua mdomo sokoni Wete unajua alikolala jana. Mwandishi wetu alikuwa amesanifisha kila kitu isipokuwa maneno ya yule bibi. Yule bibi alizungumza kama bibi wa kweli, kwa vitenzi vya kwao, na ndiyo maana alikuwa mhusika bora. Msomaji wa pili alisikia. Alikuwa na sikio zuri kuliko wengi wetu; kwa vitenzi viwili vitatu alifika kwenye kizingiti cha nyumba. Na kwa sikio hilo zuri, jambo alilochagua kufanya ni kumwumbua mtu.

Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mjinga, tungempuuza. Alisoma kwa makini kuliko wale mia waliosema endelea mkuu. Alikuwa na vifaa vyote vya mhakiki: kumbukumbu, usikivu, ujuzi wa mahali. Angeweza kusema kwamba bibi huyu ndiye moyo wa hadithi, na kwamba wahusika wengine nao wapewe lugha yao badala ya Kiswahili cha kitabu cha darasa la sita. Hoja hiyo hiyo ingemjenga mwandishi. Badala yake hadithi ilifutwa usiku ule, zote kumi na saba.

Wote wawili hawakuwa na majina. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kila mtu aandike kwa jina lake la kitambulisho, namwuliza: katika kisa hiki, jina lingemlinda nani? Msomaji wa karafuu angenyamaza, kwa sababu huenda baba wa mtunzi ni jirani yake shambani. Kwetu jina haliji peke yake. Huja na ukoo, na mtaa, na kwa miaka mingi limekuja na chama. Tumeishi misimu ya uchaguzi ambayo watu wa kijiji kimoja hawakuuziana dukani wala kuzikana. Ukimwomba mtu wa namna hiyo akuhakiki kwa jina, atakupa kile tunachopeana kwenye hafla zote za vitabu: hongera, umejitahidi. Na mwandishi mwenyewe asingeandika hata sehemu ya kwanza.

Tena kujificha kwenyewe ni kwa kadiri ya mfuko. Waandishi wengi hutoa sehemu kumi bure, zilizobaki wanauza kwa pesa ya simu. Ukituma pesa, kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo. Mwanamke aliyejiita mwanamme hawezi kuuza bila kujivua. Huyu ninayemsema hakuwahi kupata hata shilingi kwa kazi ambayo wenzake wa kiume wanalipia nayo kodi ya chumba. Wengine huazima laini ya kaka, na hapo kaka ndiye anakuwa mhariri.

Kumbuka pia kwamba tumejificha sisi kwa sisi tu. Laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa tangu 2020, kwa hiyo kampuni ya simu inamjua mwenye picha ya embe. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya mtandao huo kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika humo kwa majina ya bandia. Watu hawa hawa wanaosema lakabu ni woga wangejiuliza kwa nini kuna mtu alikubali kulala rumande kwa ajili yake.

Kwa hiyo sitafuti jina. Ninatafuta vitu viwili ambavyo Kamange na Sarahani walikuwa navyo bila kuviomba, na magazeti yalikuwa navyo kwa mkono wa mhariri. Kwanza, gharama: anayekosoa aonyeshe amesoma, aweke kidole juu ya mstari, aseme hapa, na kwa nini. Pili, awepo mtu mmoja anayejua. Majarida ya vyuo vikuu hufanya hivyo kila siku. Makala yako husomwa na mtu usiyemjua, ila mhariri anamjua, na akitukana barua haikufikii. Kundi la Telegram lina msimamizi, tena mara nyingi watatu. Kazi yao imekuwa kufuta matangazo ya mikopo na picha za aibu. Sijaona hata mmoja aliyejitangaza kuwa mdhamini wa lakabu: kwamba anayeumbua mtu anatoka, hata kama aliyoyasema ni kweli. Hasa kama ni kweli.

Nilimwuliza msimamizi wa kundi lile kwa nini maneno yale yalikaa siku mbili. Alinijibu kwamba hayakuwa na tusi. Ni kweli, hayakuwa nalo. Ungeyasoma ungedhani ni pongezi.

Yule wa karafuu bado yupo, na embe lake. Majuzi kamwuliza mtunzi mwingine, kijana anayeandika hadithi ya magendo, jahazi lisilo na mashine linawezaje kutoka Wete mwezi wa Januari, kaskazi imekaza, na kufika Mombasa kabla ya adhuhuri, wakati upepo unatoka huko huko linakokwenda. Mtunzi hakujibu kitu. Ila katika sehemu ya sita, iliyotoka Ijumaa, nahodha amekaa ufukweni siku ya tatu anangoja upepo, na mabaharia wameanza kugombana.