Bitiruti ya Detroit: mbegu ya kurithi inayogoma kurithiwa

Pakiti ya mbegu za bitiruti katika duka la pembejeo, iwe Arusha, Mbeya au Nakuru, mara nyingi huwa na jina la mji wa mbali: Detroit Dark Red. Jina hilo limevuka karne. Kampuni ya mbegu ya D. M. Ferry, ya mjini Detroit nchini Marekani, iliitoa aina hiyo sokoni mwaka 1892, baada ya kuchaguliwa kutoka aina kongwe zaidi iliyoitwa Early Blood Turnip. Si chotara. Huchavushwa kwa uhuru, na mbegu yake ikizalishwa mbali na ndugu zake hurudi kutoa bitiruti zilezile: za duara, nyekundu iliyokoza hadi ndani, zenye mkia mmoja mwembamba. Marekani wapenzi wa mbegu za mababu huitunza kwa fahari. Huku kwetu imekaa rafu moja na kabichi chotara, na hakuna anayeishangaa.

Watu wengi wa bustani za nyumbani huhangaika na mbolea na dawa za bitiruti, ilhali sehemu ya katikati ya kilimo chake ni nyepesi. Ugumu uko kwenye ncha mbili: mbegu unayoanza nayo, na mbegu ambayo ungependa kumaliza nayo.

Mimina mbegu chache kiganjani uzitazame. Ni vidonge vigumu, vyenye mikunjo, vyepesi kama gome la mti. Kidonge kimoja si mbegu moja. Maua ya bitiruti huota kwa vishada kwenye bua, mawili hadi matano pamoja, na yanapokomaa hugandana na kukauka yakiwa donge moja. Ndani ya kila donge mna viini kadhaa, kila kimoja na chumba chake. Ndiyo maana mtu hupanda mbegu kwa nafasi nzuri, moja moja, na baada ya siku chache anakuta vichipukizi vitatu vimebanana mahali pamoja kana kwamba alimwaga ovyo. Hakumwaga. Ni maumbile.

Tabia hii iliwasumbua wakulima wa bitiruti ya sukari kwa vizazi, kwa sababu kupunguza miche kulikuwa kazi ya mikono ya vibarua waliopinda migongo shamba zima. Mwaka 1948, katika mashamba ya mbegu ya jimbo la Oregon, mtafiti V. F. Savitsky alikuta mimea mitano tu iliyokuwa ikitoa mbegu yenye kiini kimoja. Kutokana na mimea hiyo michache ndipo zilipotoka aina nyingi za bitiruti za sukari zinazopandwa leo kwa mashine. Bitiruti za mezani za zamani, Detroit ikiwemo, zilibaki na vishada vyao. Kwa hiyo anayechagua aina ya kale amechagua pia kazi ya kupunguza miche, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Kupunguza ndiko kunakoamua kama utapata viazi au majani. Miche miwili iliyogusana shingo hunyang'anyana nafasi, na mwishowe yote huwa na mizizi mirefu myembamba isiyofaa chochote. Ikifikia urefu wa kidole, acha mmoja katika kila kishada, ule wenye nguvu, na mingine ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiing'oe, kwa kuwa mizizi yao imesukana, na ukivuta mmoja unalegeza na ule unaoubakiza. Rudi tena baada ya wiki mbili tatu uache nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya mche na mche. Miche iliyokatwa ni mboga laini. Ipitishe kwenye kitunguu na nyanya ule.

Kabla ya hapo kuna suala la kuota. Ganda la kidonge lina kemikali zinazozuia kiini kuamka, na kwa asili mvua ndiyo huziosha. Bustanini unaiga mvua: loweka mbegu kwa saa chache, badilisha maji mara mbili au tatu, kisha panda siku hiyohiyo kwa kina cha sentimita 2. Usizilaze majini siku nzima, kwani viini huhitaji hewa. Kama mbegu zina rangi ya waridi au kijani isiyo ya kawaida, zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Hapo vaa glavu, maji ya kulowekea yasimwagwe karibu na kuku, na usiziloweke katika bakuli la jikoni. Katika udongo wa joto zitachomoza ndani ya wiki moja. Lushoto mwezi wa Julai zaweza kuchukua mbili.

Udongo unastahili maneno zaidi, hasa wa milimani. Usambara, Uluguru na Nyanda za Juu Kusini zina baridi ambayo bitiruti huipenda, lakini mvua ya miaka mingi imeosha madini na kuacha udongo wenye tindikali. Bitiruti asili yake ni pwani. Mmea wa mwitu uliozaa jamii hii yote bado unamea kwenye fukwe za Mediterania na za Atlantiki upande wa Ulaya, mahali penye chumvi na chokaa. Mmea wa aina hiyo hauwezi kufurahia tindikali. Chokaa ya kilimo au majivu kiasi, yaliyochanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, huleta nafuu kubwa kuliko mfuko wa mbolea ya kukuzia. Tena mbolea ya kukuzia ikizidi, pamoja na samadi mbichi, hutoa majani makubwa ya kupendeza macho huku chini pakiwa patupu.

Kasoro inayowachanganya wengi ni madoa meusi, magumu, ndani ya kiazi ambacho kwa nje kinaonekana kizima. Wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia kunyunyiza dawa. Ni njaa ya boroni, madini ambayo bitiruti huyahitaji kuliko mboga nyingi, na ambayo huoshwa kwa urahisi na mvua. Majani machanga ya katikati hujikunja na kufa, kisha kiazi huweka makovu ndani. Chokaa ikipita kiasi huifungia boroni udongoni na kuzidisha tatizo, kwa hiyo tiba ya tindikali isigeuke kuwa chanzo cha njaa nyingine. Boraksi gramu 1 hadi 2 kwa mita moja ya mraba, iliyoyeyushwa katika maji na kunyunyizwa sawasawa, inatosha. Hapa mkono mwepesi ndio unaofaa: boroni iliyozidi ni sumu kwa maharage, na maharage ndiyo kwa kawaida hufuata kwenye tuta hilo.

Mengine yaende haraka. Umwagiliaji uwe wa kufuatana, maana udongo ukikauka kisha ukalowa ghafla viazi hupasuka. Majani yenye vidoa vya duara vya kijivu vilivyozungukwa na wekundu ni kazi ya ukungu wa Serkospora. Ng'oa majani hayo na mwaka ujao panda kwingine. Vuna kiazi kikiwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu tangu kupanda. Dar es Salaam na Mombasa bitiruti huota bila shida, ila joto huifanya iweke pete nyeupe ndani na kupoteza utamu. Pete hizo usizichanganye na za aina ya Chioggia, ya Italia, ambayo imezaliwa na miduara myekundu na myeupe hata ikilimwa kwenye baridi. Na kwa wanaoinywa glasi baada ya glasi kwa sababu ni nyekundu: rangi hiyo ni betanini, haina uhusiano na damu, na madini ya chuma yaliyomo si mengi. Folati ipo ya kutosha, na hiyo ndiyo sifa ya kweli.

Tuje kwenye ncha ya pili. Anayenunua mbegu ya kurithi anategemea kwamba hatarudi dukani. Kwa nyanya hilo ni kweli, kwa maharage ni kweli zaidi. Bitiruti inagoma, na inagoma kwa sababu ya mbingu yetu. Ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza hujaza kiazi, wa pili hutoa bua la maua. Kinachouambia kwamba mwaka umegeuka ni baridi ya wiki nyingi mfululizo, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ikifuatiwa na siku ndefu. Bila hayo hukaa tu, ukinenepa na kuwa mgumu kama kuni.

Ushahidi uko kwenye bustani yako. Spinachi ya sokoni kwetu, ile yenye bua nene jeupe, ni spishi moja na bitiruti, Beta vulgaris. Mama wa nyumbani huichuma jani kwa jani kwa miezi mingi, na haitoi ua. Huo ni ukosefu wa baridi na wa siku ndefu ukitufaa. Ulaya mche huohuo, baada ya majira ya baridi, ungepanda bua na majani yangekuwa machungu.

Kule ambako mbegu huzalishwa, kazi hupangwa hivi. Viazi hung'olewa kabla ya theluji, huchaguliwa vile vya duara vyenye mkia mmoja, majani hukatwa bila kujeruhi kitovu, kisha vinafukiwa kwenye mchanga mbichi ndani ya ghala lenye nyuzi 2 hadi 5. Wiki nane hadi kumi na mbili baadaye vinarudishwa shambani. Bua hupanda zaidi ya mita moja na kuegemezwa mti. Chavua yake ni nyepesi mno na husafiri na upepo kilomita kadhaa, kwa hiyo katika bonde la Skagit, jimbo la Washington, wakulima wa mbegu huweka alama za mashamba yao kwenye ramani ya pamoja, ili bitiruti ya huyu isichavushwe na spinachi ya yule. Tena kiazi kimoja hakitoshi: mmea huu kwa kawaida haujichavushi wenyewe, na ukoo unadhoofika usipoweka angalau viazi 20.

Friji ya nyumbani inaweza kuiga ghala. Haiwezi kuiga siku. Skagit mwezi wa Juni jua hukaa angani takriban saa 16. Tanzania na Kenya siku ndefu kuliko zote haifikii saa 13. Hata uwanda wa Kitulo, ambako umande huganda alfajiri za Juni na Julai, una baridi ya usiku tu, na jua la mchana hufuta sehemu ya kile usiku ulichofanya. Wataalamu wanaozalisha mbegu ndani ya vibanda huwasha taa kurefusha mchana. Mwenye subira, umeme na nafasi ya friji anaweza kujaribu, nami simkatazi. Ila kwa bustani ya kulisha familia, gharama hiyo haina maana, na wanaouza mbegu za asili za bitiruti kwa ahadi ya uhuru wa mkulima wangeeleza hilo wazi.

Kwa hiyo nunua pakiti ndogo, soma mwaka uliopigwa mhuri, na zinazobaki zifunge kwenye chupa kavu uziweke friji. Zitaota vizuri kwa miaka minne au zaidi. Ukitaka mbegu ya mboga utakayoihifadhi kwa mkono wako msimu huuhuu, acha miche michache ya mchicha isimame hadi masuke yakauke. Ni wa familia moja na bitiruti, na hauombi friji wala taa.