Sifa ya Uchumi Kukua ni ya Nani? Uhakiki wa Kauli ya "Rais Ametuletea"

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi zenye uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Pato la wastani la kila mtu kwa mwaka 2019 lilihesabiwa kuwa dola 1,080 za Marekani, na mpaka wa kuingia katika kundi hilo ulikuwa dola 1,036. Tangu hapo imezoeleka mikutanoni, madarasani na hata katika maandishi ya makada wetu kauli kwamba Rais John Magufuli "ametuletea" uchumi wa kati. Kauli ya namna hiyo haikuanza naye. Ilikwisha kusemwa juu ya waliomtangulia. Wapo pia wanaoshika upande wa pili, wakidai kwamba uchumi hujiendea wenyewe kama mto, na kwamba kazi ya rais ni kukata utepe tu.

Sisi tunaofundisha siasa huulizwa swali hili na wanafunzi mara kwa mara, nalo si swali la mchezo. Namna tunavyolijibu ndiyo huamua kama mwananchi atajiona mwenye nchi au mpokea zawadi. Makala haya yanakusudia kuzihakiki kauli zote mbili, na kisha kueleza kipimo ambacho kada anaweza kukitumia popote alipo.

1. Kauli hiyo inaficha nini

Kwanza, shabaha ya kufikia uchumi wa kati haikuwekwa mwaka 2015. Iliwekwa katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyotayarishwa wakati wa uongozi wa Rais Benjamin Mkapa. Tangu mwanzo wa karne hii mpaka 2019 uchumi wetu ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 6 au zaidi kidogo kwa mwaka, chini ya marais watatu: Mkapa, Kikwete na Magufuli. Jambo lililodumu kwa mwendo uleule mikononi mwa watu watatu tofauti haliwezi kuwa mali ya mmoja wao.

Pili, kipimo chenyewe kilibadilishwa njiani. Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza kutumia mwaka 2007 kuwa mwaka wa kizio, na pato la taifa la mwaka 2013 likaonekana kubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Februari 2019 kizio kikahamishiwa mwaka 2015. Hatusemi kwamba palikuwa na ujanja. Kila nchi hufanya hivyo ili shughuli mpya ziingie katika hesabu, na Kenya ilifanya hivyo Septemba 2014, ikaingia katika kundi lilelile. Lakini ni vigumu kuona jinsi mpaka ule ungevukwa mwaka 2020 kwa kipimo cha zamani. Hesabu mpya haikuongeza hata debe moja la viazi shambani.

Tatu, mpaka wa Benki ya Dunia si shabaha yetu wenyewe. Mipango yetu ya maendeleo ilikusudia pato la dola 3,000 kwa kila mtu kufikia mwaka 2025. Aliyefurahia dola 1,080 bila kuitaja ile 3,000 alikuwa akitumia kipimo cha mwenye benki, si kipimo cha mwenye nyumba.

2. Jasho lisilotajwa

Uchumi si kitu kinachokaa Ikulu. Tuchukue kijiji cha Igogwe, wilayani Rungwe, kinachojulikana sana kwa hospitali yake ya misheni. Katika nchi hii ya milima na mvua nyingi wakulima hutoa ndizi, viazi, mahindi, maziwa na, katika miaka ya karibuni, parachichi. Hayo ndiyo mambo ambayo, yakijumlishwa na ya vijiji vingine maelfu, huitwa pato la taifa.

Tuutazame mparachichi peke yake. Mche uliopandikizwa hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa mavuno ya kuuzwa. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani China, zilitiwa saini taratibu za kuliingiza parachichi letu katika soko la nchi hiyo. Hatua hiyo ni ya Serikali yake, na ihesabiwe kwake. Lakini mti uliokuwa ukizaa siku ile ulipandwa wakati wa rais mwingine, na pengine wa rais aliyemtangulia huyo mwingine. Aliyeupanda, akaupalilia na kuungoja miaka yote hiyo bila kipato ni mkulima. Mnyakyusa husema ndaga kwa aliyetenda; hapa waliotenda ni wengi, na yule wa kwanza hatajwi jukwaani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Uongozi umo, lakini ni mmoja kati ya vinne, nao haukutajwa wa kwanza. Anayesema "rais ametuletea" amekichukua kimoja akavifuta vitatu.

3. Baridi ya Brazil

Liko tena jambo lisilotokana na rais wala mkulima. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni katika jimbo la Paraná nchini Brazil. Bei ya kahawa, iliyokuwa chini ya dola moja kwa ratili katika soko la dunia, ilipanda hadi kupita dola 3 Aprili 1977. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Kagera, Mbozi na Rungwe hawakuwa wameongeza mibuni mara tatu, wala Serikali haikuwa imetoa amri mpya. Fedha za kigeni ziliongezeka kwa sababu mibuni ya watu wengine ilikufa.

Je, sifa ya miaka ile iwe ya Mwalimu Nyerere? Ikiwa tutasema ndiyo, basi tukubali pia kwamba lawama yote ya miaka iliyofuata ni yake: bei ya kahawa iliposhuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Idi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, na bei ya mafuta ilipopanda tena mwaka 1979. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemtwisha mtu mmoja haya yote. Lakini ndivyo kauli ya "ametuletea" inavyotulazimisha kufanya. Anayejipatia sifa ya mvua hana pa kujificha wakati wa ukame.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Bei ilitoka Brazil, lakini matumizi ya fedha zile yalikuwa uamuzi wetu. Mwanzoni mwa 1978, kwa ushauri wa mashirika ya fedha ya kimataifa, masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, na akiba yetu ikaisha upesi. Kadhalika mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake, hivyo mkulima aliyepata bei nzuri alikuwa amepoteza chombo chake cha kuitetea. Baridi haikuvunja ushirika. Huo ulikuwa uamuzi, na Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kwamba ulikuwa kosa.

4. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Hapo ndipo kauli ya pili inapoanguka. Kama rais ni mkata utepe tu, basi hakuna uamuzi wa kumsifia wala wa kumlaumu, na siasa yote haina maana. Sisi tunasema kwamba rais anastahili sifa kwa uamuzi, wala si kwa ukuaji. Ili kuujua uamuzi huo tuulize maswali matatu. Je, palikuwa na njia nyingine ambayo angeweza kuifuata? Je, matokeo yalitokana na njia hiyo, au na bei, mvua na kazi ya waliotangulia? Je, anahesabiwa pia yale yaliyoharibika?

Tuutumie mfano wa Rais Magufuli. Machi 2017 alizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu. Julai mwaka huo sheria za madini zikabadilishwa. Na Januari 2020 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Barrick, uliothibitisha kuundwa kwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16. Palikuwa na njia nyingine, tena nyepesi: kuyaacha mambo yaende kama yalivyokuwa. Hakuifuata. Sifa hiyo ni yake. Lakini bei ya dhahabu ilipanda sana duniani mwaka 2019 na 2020, na ongezeko lililotokana na bei hiyo si lake.

Novemba 2018, bei ya korosho ilipokuwa chini, alielekeza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizikusanye. Nia ilikuwa kumkinga mkulima na walanguzi. Matokeo yalikuwa malipo ya wakulima wengi kuchelewa na korosho nyingi kulala maghalani. Huo nao ulikuwa uamuzi wake, nao unaandikwa katika daftari lilelile.

Na bwawa la umeme la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115? Wazo lake ni la zamani. Mamlaka ya kuliendeleza bonde hilo iliundwa mwaka 1975. Magufuli aliamua lijengwe. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2024, wakati wa Rais Samia. Aliyeliwaza, aliyeamua, aliyekamilisha na fundi aliyemimina zege, kila mmoja ana fungu lake.

Rais Ali Hassan Mwinyi naye husifiwa kwa bidhaa kurudi madukani. Uamuzi wa kufikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 ulikuwa wa Serikali yake, pamoja na faida na maumivu yake. Lakini ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni ilitolewa mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado madarakani. Mlango uliofunguliwa na mmoja husifiwa kwa jina la aliyeupanua.

5. Uchumi wa nani umekua?

Swali la sifa huficha swali kubwa zaidi. Mwaka 2007 asilimia 34.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2, na mwaka 2017/18 asilimia 26.4. Katika kipindi cha kwanza umaskini ulipungua kwa zaidi ya pointi sita. Katika kipindi cha pili, kilicho kirefu zaidi, ulipungua kwa pointi chini ya mbili, ingawa uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi ya karibu sawa. Kwa hiyo kukua kwa pato na kupungua kwa umaskini ni mambo mawili, na anayedai sifa ya la kwanza hana budi kujibu juu ya la pili.

Mkulima wa viazi analielewa jambo hili bila takwimu. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba bado ni adha ya wakulima wa viazi. Anazalisha zaidi, pato la taifa linapanda, na kile kilemba kinakwenda kwa mlanguzi bure. Kukomesha lumbesa hakungoji baridi ya Brazil wala kizio kipya cha takwimu. Kunangoja uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo ndio unaostahili sifa ukifanywa na lawama usipofanywa, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji hadi kwa rais.

6. Kazi ya kada

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyo na kipimo haimsaidii rais. Inamnyima habari za kweli na kumzungushia watu wanaoishi kwa kusifu. Haimsaidii mwananchi pia, maana aliyezoezwa kushukuru kwa kila kitu hupoteza ujasiri wa kuuliza. Vilevile dharau isiyo na kipimo huwaachia viongozi njia ya kusema kwamba mambo yote ni ya dunia, wao hawana la kujibu.

Kwa hiyo kada anapofundisha katika tawi lake asianze na jina la rais. Aanze na kilichozalishwa na waliokizalisha. Aeleze bei ilitoka wapi na mvua ilikuwaje. Aonyeshe kilichoanzishwa na waliotangulia. Ndipo autaje uamuzi wa rais aliye madarakani, mzuri na mbaya, kwa tarehe na kwa matokeo yake. Mwisho awaachie wananchi nafasi ya kuuliza gunia lao linapimwaje, kisha asubiri swali hilo mpaka liulizwe.