Kimya cha Karura Hakikuota Chenyewe

Kuna aina ya maandishi ambayo kila msee mwenye simu Nairobi ameyasoma. Baiskeli imeegemezwa kwenye mti, mwanga wa asubuhi unapenya kwenye majani, na chini ya picha kuna maneno machache: amani, kupumua, kulitoroka jiji. Wakati mwingine picha hiyo hukua ikawa insha ya aya sita. Mwandishi amechoka na kazi na jam, anakodi baiskeli katika Msitu wa Karura, anaendesha polepole chini ya miti, anatoka akiwa mtu mpya. Nimesoma nyingi sana za namna hii. Swali langu ni moja: zinaacha nini nje, na hicho kilichoachwa nje kina uzito gani?

Nianze kwa kuzitendea haki. Kimya chenyewe si uongo. Karura ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, na ukishapita geti na kuchukua baiskeli, haichukui muda honi za magari kupotea. Njia kuu ni za udongo ulioshindiliwa, na njia panda zina nguzo za namba, kwa hivyo hata mgeni anaweza kuendesha bila kuuliza. Kima wanakuangalia kutoka juu. Unasikia gurudumu likisaga changarawe, basi. Mimi naishi Mbotela, ambako redio ya jirani ni redio yako pia, na tofauti hiyo naisikia mpaka kwenye mabega. Na raha hiyo sina ubishi.

Ubishi wangu ni na sentensi. Katika insha hizi, msitu ndio unaofanya kila kitu. Msitu unaponya, msitu unakukumbatia, msitu umekuwa pale miaka yote ukikusubiri. Hakuna aliyeulinda. Hakuna fensi, hakuna ada, hakuna tarehe hata moja. Kimya kinaandikwa kana kwamba kiliota pamoja na miti.

Sasa weka insha kama hiyo kando ya Unbowed, kitabu cha maisha ya Wangari Maathai kilichotoka 2006. Karura ya kitabu hicho imejaa kelele. Ni 1998, na sehemu za msitu wa umma zimegawiwa watu binafsi wanaotaka kujenga. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari na wenzake, wakiwemo wabunge wa upinzani na waandishi wa habari, wanafika na miche ya kupanda. Wanashambuliwa. Yeye anapigwa kichwani, na anasimulia jinsi alivyokwenda kituo cha polisi kuandikisha ripoti na kuitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wiki zinazofuata, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaingia barabarani kwa sababu ya msitu huo huo. Tarehe 16 Agosti mwaka huo, Rais Moi anatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Kimtindo, kurasa hizo hazina mapambo mengi. Maathai anakuambia nani alifanya nini, lini, wapi. Msitu anaueleza kwa kazi yake: maji, viumbe, hewa ya jiji. Mtu anaweza kusema ni nathari kavu. Mimi naona ndiyo nathari inayomfaa msomaji wa Karura zaidi, kwa sababu ukiimaliza unajua kwamba hiyo miti ina adui, na kwamba adui huyo ana makaratasi.

Fasihi yetu haikuwa na msitu wa kupumzikia. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967) na Carcase for Hounds ya Meja Mwangi (1974), mtu huingia msituni kwa sababu ya vita. Mwangi huyo huyo akija mjini katika Going Down River Road (1976), anatuonyesha mjengo, pombe na vibarua. Msitu ulikuwa upande wake na jiji upande wake. Maathai alivileta pamoja: msitu ulio ndani ya jiji, na vita inayopiganwa kwa miche. Insha za baiskeli zimerithi msitu huo wa mjini, lakini vita zimeiacha getini.

Hata baiskeli yenyewe wameinyang'anya kazi. Mtaani kwetu baiskeli ni chombo cha riziki. Inabeba kreti za mkate, inabeba mitungi ya maji. Mzee wa kunoa visu anapopita kati ya nyumba, husimamisha yake, hupiga pedali, na badala ya gurudumu kwenda, jiwe ndilo linalozunguka. Anaendesha siku nzima bila kusonga. Sijawahi kuona picha yake ikiandikwa "amani" chini yake.

Na mtu wa Mbotela anafikaje Karura? Kwa baiskeli ingebidi aingie Jogoo Road, ambako mat ikikwama hupanda mpaka njia ya waendao kwa miguu, apite Muthurwa katikati ya mikokoteni, avuke tao, ndipo aanze kupanda kuelekea Parklands. Wachache watajaribu. Kwa hivyo ni mat mbili kwenda na mbili kurudi, halafu ada ya kuingia, halafu ya kukodi baiskeli. Mimi hulipwa kwa makala, tena makala ikishatoka, na niliacha chuo kwa sababu ya hesabu za aina hiyo hiyo. Kwangu kimya hicho kinaanza na kujumlisha.

Sisemi geti livunjwe. Kuna wakati watu waliiogopa Karura kwa sababu ya wizi na mauaji. Mwaka 2009 kikaanzishwa kikundi cha Friends of Karura Forest, kikashirikiana na KFS, shirika la serikali la misitu. Fensi ya stima ikawekwa, askari wakaajiriwa, njia zikafunguliwa. Ada ilikuwa na kazi. Ninachokataa ni uandishi unaoificha, kwa sababu ukificha bei unamficha pia anayeshindwa kuilipa.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Msomaji aliyefundishwa kwamba kimya cha msitu ni cha kawaida kama mvua hatashtuka akiona vigingi vya wapimaji ardhi. Ataviona kama sehemu ya mandhari. Wanafunzi wa 1999 walikuwa na umri wa wengi wanaosoma jarida hili. Hawakupigania mahali pa kupigia picha. Walijua kitu cha umma kinaweza kuondoka usiku mmoja, na walijua hivyo kwa sababu kuna watu waliokuwa wakisema na kuandika hivyo waziwazi, kwa majina na tarehe.

Kwa hivyo ukienda Karura wikendi hii, kodi baiskeli, endesha mpaka miguu ikatae. Ukirudi uandike kuhusu mwanga na kima, hakuna shida. Lakini weka geti katika aya ya kwanza. Taja ulilipa ngapi. Weka 1999 mahali fulani. Na kama kuna mtu wa mtaani kwako anayeendesha baiskeli kila siku na hajawahi kuiendesha chini ya mti, mtaje kwa sentensi moja. Insha itabaki nzuri, na msomaji atajua anachoweza kupoteza.