Inatembea! Roboti ya Kujiundia Yatua Nakuru

Jamani, inatembea yenyewe! Ilifika Nakuru ikiwa vipande ndani ya kifurushi, ikiletwa na matatu kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Sasa inazunguka sebuleni kwangu Section 58: inakaribia ukuta, inasimama, inageuza shingo kulia na kushoto, inachagua njia na kuondoka. Nilibaki kupiga makofi.

Kwenye boksi utakuta bodi ya Arduino Uno, mota mbili za manjano, bodi ndogo ya L298N ya kuziendesha, kibebeo cha betri na nyaya tele. Kuiunda ni kazi ya bisibisi tu, ila nati ni ndogo mno.

Lakini utamu wote uko kwenye sensa ya HC-SR04, yale macho mawili ya duara. Moja hutoa mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la binadamu haliusikii. La pili husubiri mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kikiwa umbali wa sentimita 17, mwangwi hurudi baada ya sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Na bodi ya Arduino inauwahi! Kasi ya sauti hubadilika kulingana na joto la hewa: asubuhi ya baridi kule Molo, kipimo cha mita mbili kitapishana kwa sentimita kadhaa na cha adhuhuri ya Nakuru. Hilo ni jaribio zima la fizikia, bila maabara.

Programu ya kuiandikia maagizo ni ya bure. Nilibadilisha nambari moja, 20 ikawa 40, nikachomeka kebo na kubonyeza kitufe. Papo hapo ikaanza kusimama mbali zaidi na ukuta. Maagizo yakishaingia, haihitaji intaneti wala laptopu.

Kasoro ipo: pazia na blanketi humeza mlio, kwa hiyo roboti huvivamia bila breki. Hilo halijanipunguzia hamu hata chembe.

Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu wa sekondari msingi, uwe Njoro, Gilgil au Bahati, itafute hata moja kwa darasa zima, na bisibisi waachie wanafunzi.