Mirambo wawili wa Stanley

Mgeni anayekuja Tabora kutafuta historia, mara nyingi huelekezwa Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Siku hizi ni makumbusho, na si vibaya. Ila tusisahau kwamba tembe lile lilipata jina duniani kwa sababu ya kitabu. Stanley alikaa pale, akaandika, wasomaji wake wakapafanya mahali pa kuhiji.

Basi hebu tumsome huyo Stanley vizuri. Katika How I Found Livingstone (1872), Mirambo, mtemi wa Urambo, ni jambazi tu. Si ajabu. Mwaka 1871 mtemi alikuwa ameifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na Stanley akajiunga na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga. Wakapigwa wao.

Sasa fungua Through the Dark Continent (1878). Wawili hao wamekutana mwaka 1876, wamechanjiana udugu wa damu, na jambazi yule yule amegeuka muungwana, mpole, mtu wa kuheshimika. Jamani, miaka mitano tu! Kwa maoni yangu, kilichobadilika zaidi ni haja ya mwandishi: kwanza alizibiwa njia, baadaye akawa ndugu wa mwenye njia.

Nasi tuna kitabu chetu. J. B. Kabeya alichapisha Mtemi Mirambo kwa Kiswahili mwaka 1966, na jina la kitabu linaendelea kumwita mtawala shujaa wa Kinyamwezi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, mashujaa walihitajika. Kwa hiyo Kabeya naye tumsome kwa macho makavu, kama tunavyomsoma Stanley. Shujaa aliyepigana na Unyanyembe na majirani wengine aliacha pia watu waliofiwa.

Wanyamwezi waliyaheshimu makaburi ya watemi wao, wakayatambikia. Mirambo alifariki Desemba 1884, na leo jina lake liko kwenye kambi ya jeshi Tabora na kwenye mtaa Dar es Salaam. Jina tunalo, ila jina haliwezi kujieleza. Ukienda Kwihara, nenda. Ila mfukoni beba Kabeya, na ukitoka hapo, endelea na safari mpaka Urambo.