Kichwa kirefu, kona kali: hesabu ya Garratt kwenye reli ya Changamwe

Reli ya zamani ikishatoka kisiwani Mombasa na kuvuka mkono wa bahari wa Makupa, huanza kupanda kwenda Changamwe. Huo ndio mwanzo wa kilomita zipatazo 530 hadi Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Njia hii iliyoanzwa mwaka 1896 ina upana wa mita moja tu kati ya reli na reli. Wembamba huo huruhusu kona kali, hivyo mjenzi akazunguka kilima badala ya kukichimba. Aliokoa fedha, lakini deni likamwangukia fundi wa vichwa vya treni.

Kuanzia mwaka 1955, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa takriban tani 250, na kiliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Dude la namna hiyo lilikataje kona?

Jibu linaanzia kwenye kipimo ambacho mafundi wa njia hukifanya kwa uzi. Vuta uzi ulionyooka kutoka nukta moja ya reli iliyopinda hadi nyingine, kisha pima pengo lililopo katikati, kati ya uzi na reli. Tuchukue kona yenye nusukipenyo cha mita 200. Uzi wa mita 5 utaacha pengo la milimita 16 hivi. Uzi wa mita 10 utaacha milimita 62. Urefu umezidi mara mbili, pengo limezidi mara nne. Sasa badala ya uzi weka fremu ya chuma yenye ekseli zilizokazwa. Nafasi ya gurudumu kucheza ndani ya reli ni ya milimita chache tu, kwa hiyo fremu ndefu itasaga kingo za magurudumu, itasukuma reli nje, au itaacha njia kabisa.

Kichwa cha daraja la 59 kilihitaji ekseli nane za kusukuma ili uzito ugawanyike na reli isielemewe. Kuzipanga zote kwenye fremu moja kulikuwa muhali. Dawa ilikuwa imepatikana zamani: mwaka 1907 Mwingereza Herbert William Garratt alipata hataza ya kichwa kilichokatwa vipande vitatu, na miaka miwili baadaye cha kwanza kikapelekwa Tasmania. Kenya ilianza kuvitumia mwaka 1926. Kuna injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na ekseli zake nne za kusukuma na magurudumu madogo ya kuiongoza. Boila limekaa katikati juu ya fremu yake, likiwa limeshikwa na pini mbili tu. Kila injini hufuata reli kivyake, kama fremu fupi.

Ufundi wenyewe hasa uko katikati hapo. Kichwa kikiingia konani, boila ndilo linalokuwa ule uzi: hunyooka kati ya pini mbili na kusogea upande wa ndani wa kona. Pini zikiwa umbali wa mita 12, kwenye kona yetu tumbo la boila litaingia ndani milimita 90. Kasi hutaka kuibwaga treni nje; uzito huu hurudi ndani. Kwenye vichwa vya Mallet, ambavyo boila lake limefungwa kwenye injini ya nyuma, sehemu ya mbele hutokeza nje ya kona.

Faida ya pili ilitokana na hiyohiyo ya kwanza. Chini ya boila hakuna magurudumu, basi tanuri likashushwa na kupanuliwa bila kizuizi. Boila la daraja la 59 lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa njia. Kutatua kona kulileta nguvu.

Gharama ilikuwapo. Mvuke ulilazimika kufika kwenye injini zinazogeuka kupitia viungio vya mabomba vilivyotaka kukaguliwa kila mara, la sivyo vingevuja. Maji na mafuta yalibebwa juu ya injini zenyewe, hivyo matangi yakipungua, magurudumu nayo yalipungukiwa na uzito wa kung'ata reli.

Vya mwisho vya vichwa hivi vilistaafu mwaka 1980. Kimoja, Mount Gelai, kiko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Hesabu yake, hata hivyo, bado iko barabarani Changamwe kila trela la kontena linapokata kona kuelekea bandarini. Trela lina pini moja, na magurudumu yake ya nyuma hayageuki. Pini ikizunguka duara lenye nusukipenyo cha mita 15, na ekseli za nyuma zikiwa mita 9 kutoka kwenye pini, matairi hayo yatafuata duara la mita 12: mita 3 ndani zaidi ya njia ya pini. Ndiyo maana dereva hutanua kwanza, na mwenye tuktuk anayejipenyeza upande wa ndani anajitafutia balaa.

Kwa fundi anayetaka kurefusha chesisi au kusogeza ekseli nyuma ili gari libebe zaidi, funzo ni hilo. Kupindisha magurudumu ya mbele zaidi hakutamfikisha mbali. Kwanza apime umbali kutoka kwenye pini hadi ekseli, kwa sababu kila mita anayoiongeza hapo hulipwa konani kwa bei kubwa kuliko mita iliyoitangulia.